Mbao na jiwe kwenye sakafu moja: mwongozo kamili kwa nyumba za Tanga

Sakafu ya kwanza niliyochanganya mbao na marumaru ilidumu miezi mitano. Ilikuwa sebule moja Raskazone, hatua chache kutoka baharini. Nilipanga mikanda ya mtiki kati ya marumaru, nikajaza mishono yote kwa grauti ile ile, yaani saruji laini ya kuzibia mishono, nikasugua mpaka ikang'aa. Mwenye nyumba alifurahi akaita majirani waje kuona. Hiyo ilikuwa Desemba. Masika yalipokolea, grauti ikaanza kumeguka pembeni mwa mbao kama kashata, na marumaru mbili karibu na dirisha zikanyanyuka. Yule mama hakunigombeza. Alinionyesha kwa ncha ya mguu, akasema, "Fundi, mbao zako zinapumua."

Alisema kweli. Jiwe likishalazwa limelala. Mbao husogea maisha yake yote: hewa ikiwa na unyevu hunywa ikatanuka, hewa ikikauka husinyaa. Tena husogea kwa upana, urefu wake karibu haubadiliki. Mtiki uliopasuliwa kwa kawaida hubadilika upana kwa 0.00186 ya upana wake kila unyevu wa ndani ya mbao unapopanda au kushuka kwa asilimia 1. Chukua ubao wa milimita 100, unyevu upande kutoka asilimia 10 hadi 14: ubao umeongezeka milimita 0.74. Weka kumi bega kwa bega, umepata zaidi ya milimita 7. Grauti haina uwezo wa kuzuia nguvu hiyo.

Kwa hiyo siku hizi nikiitwa kuchora sakafu ya namna hii, naanza na mshono, yaani pale mbao na jiwe zinapokutana. Rangi, nakshi na aina ya jiwe huja baadaye.

Mchoro ufuate miguu ya watu

Nyumba zetu za pwani watu huvua viatu mlangoni. Mchanga, maji ya mvua na matope huishia hapo. Basi mlangoni pawe jiwe, na mbao ianze pale mguu mtupu unapoanzia. Huo ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote: "zulia" la jiwe la mita moja na nusu hivi mbele ya mlango, limezungukwa na mkanda wa mbao, kisha sebule yote mbao. Mtu akiingia macho yake yanaambiwa pa kuvulia viatu bila kuandikiwa.

Jikoni, mlango wa bafu na mahali watu wanapotawadhia ni pa jiwe, bila mjadala. Nimeombwa mara nyingi kuingiza mbao bafuni kwa kuwa mteja ameona picha. Nakataa, na ninakushauri ukatae.

Mchoro wa pili ni wa kiunzi: marumaru za mraba zilizotenganishwa na mikanda myembamba ya mbao, sakafu nzima. Huu ndio wenye kazi, na ndio nitakaoueleza kwa kirefu, kwa sababu ukiuweza huo mingine yote umeiweza.

Mbao gani

Tanga tumebarikiwa. Shamba la miti la Longuza, kule Muheza, linapanda mitiki, kwa hiyo mbao hiyo tunaipata jirani. Mtiki una mafuta yake ya asili na hausogei sana. Kasoro ya mtiki mchanga ni kuwa na sehemu kubwa nyeupe karibu na gamba. Sehemu hiyo haina kinga ya kiini, na wadudu huitoboa. Lipia kiini cha kahawia, nyeupe iache kwa muuzaji.

Mninga ni mtulivu kuliko mbao nyingi unazozijua. Ukipata mninga mkavu kwa bei unayoiweza, chukua, ingawa si mgumu kama mkongo. Mkongo ni mgumu na mzito, unafaa panapopita watu wengi. Mvule ni mzuri pia na hugeuka kutoka manjano kuwa kahawia kadiri siku zinavyokwenda, ila vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Na wakati mwingine mvule huwa na mawe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye mbao, ambayo huua meno ya msumeno. Miye hilo hunifurahisha kila nikikutana nalo: mti uliokwisha kujichanganyia jiwe wenyewe.

Mbao yoyote utakayonunua, dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Wakala wa Huduma za Misitu wanakagua barabarani, na mbao isiyo na karatasi hukamatwa ikiwa mikononi mwako.

Sasa siri ya kupasua, ambayo ingeniokolea kazi ile ya Raskazone. Tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Mistari ya umri wa mti ikiwa imelala sambamba na uso wa ubao, ubao huo utasogea sana. Ikiwa imesimama wima, utasogea karibu nusu: kwa mtiki ni 0.00101 badala ya 0.00186. Kwa hiyo usinunue mbao nyembamba zilizokwisha kupasuliwa. Nunua ubao mnene wa inchi tatu ambao mistari yake imelala, kisha upasue vipande vya milimita 14 kutoka ubavuni, kama mtu anayekata mkate. Ule unene wa ubao sasa umekuwa upana wa mkanda wako, na mistari imesimama. Mkanda wa milimita 60 wa namna hii, unyevu ukibadilika kwa asilimia 4, husogea milimita 0.24 tu. Mshono wowote mzuri unaweza kubeba hiyo.

Ukavu wa mbao

Mbao iliyo kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia ikiwa na unyevu wa ndani wa asilimia 16 hivi. Chumba chenye kiyoyozi kinachoweka hewa kwenye asilimia 50 huivuta mbao hiyo hiyo hadi karibu 9. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni: utaishi na madirisha wazi au na kiyoyozi? Nyumba ya upepo, laza mbao ikiwa kati ya asilimia 12 na 14. Nyumba ya kiyoyozi cha kila siku, ishushe hadi 9 au 10, na kiyoyozi kiwe kinafanya kazi tangu mbao inapoingizwa ndani.

Huna mita ya unyevu? Kata kipande kidogo katikati ya ubao, mbali na vichwa, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103 na upime kila baada ya saa chache, hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 230 kilichokauka kikawa 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Tumia mizani inayosoma gramu moja moja, na kipande kisichopungua gramu 150, la sivyo hesabu itakudanganya.

Kisha panga mikanda ndani ya chumba chenyewe, na vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, wiki mbili au tatu.

Jiwe gani

Marumaru za porselini karibu hazinywi maji na unene wake ni ule ule katoni nzima. Kwa anayeanza, hizo ndizo. Mawe bapa ambayo nchi nzima huyaita mawe ya Tanga yana uzuri ambao kiwanda hakiwezi, lakini unene hubadilika jiwe kwa jiwe. Yatumie kwenye zulia la mlangoni, ambako unaweza kusawazisha kila moja kwa gundi, siyo kwenye kiunzi.

Ukipewa jiwe usilolijua, lidondoshee tone la ndimu upande wa nyuma. Likitoa povu ni jamii ya chokaa: ndimu, siki na sabuni kali za chooni zitalila. Jiwe hilo lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutia grauti, vinginevyo grauti itaingia ndani na doa halitatoka.

Hesabu ya kiunzi

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4, marumaru za milimita 300, mikanda ya 60, mishono ya 4.

Marumaru 10 ni milimita 3,000. Kati yake mikanda 9, ni 540. Mishono ni 20, kwa kuwa kila mkanda una miwili na pande mbili za nje zina mmoja mmoja: ni 80. Jumla 3,620. Chumba ni 4,000, zimebaki 380, yaani 190 kila upande. Ukutani acha nafasi ya 10, ambayo skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaifunika. Inabaki 180 sawasawa: kingo ya mikanda mitatu ya 60 kuzunguka chumba. Chumba chako hakitakuwa hivi, lakini cheza na upana wa kingo mpaka namba zikae. Usikate marumaru kando ya ukuta, kiunzi chote kitaonekana kimekatwa mkia.

Mikanda ya ndani ikatwe urefu wa 300, sawa na marumaru. Panapokutana njia mbili panabaki mraba mdogo wa 60 kwa 60. Hapo ndipo nakshi: kipande cha marumaru ya buluu, jiwe jeusi, au mbao ya rangi nyingine. Kwa chumba hiki utahitaji marumaru 100, vipande vya mkanda 180 na vya makutano 81. Mikanda ya ndani ni mita 54, ya kingo ni mita 46 hivi. Jumla mita 100. Ongeza asilimia 15 ya mafundo na makosa.

Sasa unene. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, kwa kuwa kila kitu kinalala juu ya saruji moja na lazima kimalizike usawa mmoja. Marumaru ya milimita 10 na gundi iliyobanwa ya 4 ni 14. Mbao ya 12 na gundi ya 2 ni 14. Kwa hiyo ile mikanda uliyopasua kwa 14 irandwe hadi 12. Pima marumaru zako mwenyewe kabla ya kuranda, usiamini maandishi ya katoni. Kwenye mchoro wa sebule nzima ya mbao za milimita 20, fanya kinyume: inua saruji ya upande wa jiwe kwa tofauti iliyobaki.

Zege kwanza

Zege jipya hukauka polepole. Kipimo cha mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, la inchi nne ni miezi minne. Najua mteja anataka kuhamia. Mwambie.

Jaribio: bandika kipande cha nailoni nene, kama nusu mita kwa nusu mita, juu ya sakafu, uzibe kingo zote kwa karatasi ya gundi. Kiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, hapafai bado. Kama nyumba haikuwekewa nailoni nzito chini ya jamvi, unyevu wa ardhi utaendelea kupanda miaka yote, na hapo paka dawa ya kuzuia unyevu juu ya zege, au achana na mbao.

Mchanga wa kusawazishia uwe wa mto. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta maji kisha hutoka juu kama unga mweupe. Sawazisha hadi rula ya mita mbili isione bonde la zaidi ya milimita 3. Na kama nyumba bado inajengwa, dawa ya mchwa imwagwe ardhini kabla ya zege.

Nyumba za kale za ghorofa, kama zile za Pangani na Bagamoyo, ambazo dari yake ni boriti za mikoko, ni habari nyingine. Sakafu ya juu hunesa kidogo mtu akipita, na jiwe halivumilii kunesa. Huko juu usiongeze uzito wa jiwe, na kabla hujagusa chochote waone watu wa Mambo ya Kale, wanaolinda majengo ya kihistoria.

Kulaza

1. Tafuta katikati ya chumba kwa nyuzi mbili za chaki. Hakikisha zimekutana mraba kwa 3, 4, 5: pima sentimita 90 kwenye uzi mmoja, 120 kwenye mwingine, na kati ya alama hizo iwe 150 kamili. Kuta za nyumba nyingi haziko mraba, usizifuate.

2. Panga safu mbili kavu, bila gundi, moja kwa kila uelekeo. Simama mlangoni uangalie, kisha mwite mwenye nyumba naye aangalie. Kubadilisha sasa hakugharimu kitu.

3. Tengeneza vipande vya kushikia nafasi kutoka mbao yoyote, vyenye upana wa milimita 68, yaani mkanda na mishono yake miwili. Vizungushie mkanda wa plastiki visishike gundi. Hivi ndivyo vitakavyokaa kati ya marumaru kwa muda, badala ya spesa, vile vipande vya plastiki vya kutenganisha marumaru.

4. Laza marumaru zote kwanza, kwa gundi ya marumaru na mwiko wa meno. Paka na mgongo wa marumaru pia, pasibaki uwazi chini. Kila safu ikikamilika vuta vile vipande na ukwangue gundi yote iliyotokeza kwenye mfereji, ikiwa bado mbichi. Ukiisahau hadi kesho utaitoa kwa tindo, na utavunja kona. Safisha mfereji hadi uone saruji.

5. Subiri. Gundi ya marumaru ina maji, na maji hayo yatapanda kwenye mbao. Mimi huacha wiki nzima, milango wazi. Mteja akikusukuma, rudi kwenye hatua hii ukamsomee.

6. Wakati unasubiri, malizia mikanda. Piga msasa nambari 80, 120, kisha 150. Ondoa ukali wa kona za juu kwa milimita moja, kidogo tu, ili mguu usikwaruzike. Paka vanishi au mafuta uso wa juu tu; chini na ubavuni paache, ndipo gundi na silanti zitakaposhika. Ukisema utapiga msasa baada ya kulaza, utakwaruza marumaru.

7. Mtiki una mafuta, na gundi haishiki mafuta. Futa upande wa chini kwa kitambaa chenye asetoni, madirisha yakiwa wazi, na ubandike punde tu ikikauka.

8. Bandika mikanda kwa gundi ya mbao ya poliyurithani, ile inayobaki na mvuto kama mpira. Gundi nyeupe ya seremala ina maji na hukauka ngumu, haifai hapa. Kila mkanda uwe katikati ya mfereji, milimita 4 kila upande. Gonga kwa nyundo ya mpira juu ya kipande cha ubao, na pima kwa rula iliyolala juu ya marumaru mbili. Tofauti ya nusu milimita naipokea. Zaidi ya hapo vidole vya miguu vitaijua.

9. Kingo ya ukutani iwe ya mwisho, ukitumia kabari za milimita 10 ukutani. Ziondoe gundi ikishika. Ile nafasi usiijaze kitu chochote, wala skatingi isipigiliwe kwenye mbao, ipigilie ukutani.

Mshono

Kati ya jiwe na jiwe, kama lilivyo zulia la mlangoni, tia grauti ya kawaida. Itie na uimalize kabla mbao hazijaingia.

Kati ya jiwe na mbao usitie grauti. Tia silanti, yaani kizibo kinachobaki laini kama mpira, ya poliyurithani ya rangi inayokaribiana na grauti yako, inayoandikwa kuwa inavumilia kunyumbuka kwa asilimia 25. Kwenye mshono wa milimita 4 hiyo ni milimita moja nzima, na mkanda wetu unahitaji robo yake. Silikoni ya kawaida itaziba pia, lakini vanishi haishiki juu yake, na ikigusa uso wa mbao huacha doa litakalokusumbua kila ukipaka upya.

Kuna jambo moja dogo linaloamua kama mshono utadumu: silanti ishike pande mbili tu, mbao na jiwe. Ikishika na chini, haiwezi kunyumbuka, hupasuka katikati. Kwa hiyo kwanza sukumia kamba nyembamba ya sponji ndani ya mshono, ibaki nafasi ya milimita 4 au 5 juu yake. Bandika karatasi ya gundi pande zote mbili, jaza, lainisha kwa kijiko kilicholowa maji ya sabuni, kisha vua karatasi papo hapo. Mita za mshono ni nyingi, mgongo utauma. Fanya eneo dogo dogo, usikimbie.

Kupaka na kutunza

Karibu na bahari mimi huchagua mafuta ya mbao kuliko vanishi ngumu. Mchanga utaingia tu, na utakwaruza. Vanishi ikikwaruzwa lazima uifute eneo kubwa, mafuta hupakwa tena pale pale palipochubuka. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike yakiwa yametandazwa nje, au yazamishe kwenye maji. Yakikunjwa yakarundikwa hupata joto na huweza kuwaka yenyewe usiku.

Kisha kaa na watu wa nyumba, pamoja na dada anayefanya usafi, maana yeye ndiye ataishi na sakafu hiyo. Mwonyeshe kwa vitendo. Deki ya kumwaga ndoo na kusukuma maji kwa ufagio, tuliyoizoea sote, hapa haipigwi. Fagia kwanza mchanga wote, kisha pitisha tambara lililokamuliwa hadi halitoi tone. Maji yakimwagika yafutwe wakati huo huo. Ndimu na siki zisiguse jiwe la chokaa. Miguu ya viti ivae vipande vya kitambaa kizito.

Rudi baada ya masika ya kwanza, bila kuitwa. Piga magoti, pitisha kidole kwenye mishono ya karibu na mlango na madirisha, ndiko unyevu unakobadilika zaidi. Ukiona mahali silanti imeachia, ikate kwa wembe, safisha, jaza tena; ni kazi ya nusu saa. Kule Raskazone nilirudi, nikang'oa kila mkanda kwa gharama yangu na kuanza upya kwa utaratibu huu. Yule mama bado anaivulia viatu.